Mwalimu na Kuku Wake wa Kidimu

Mwalimu hakukutazama usoni. Alikutazama sikioni. Ungemwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye angekujibu "Marahaba" huku macho yake yameshatua pembeni mwa kichwa chako, kwenye ndewe, pale chini ya sikio wanapotobolea wanawake. Alikuwa akiangalia kama inaning'inia au imeshikana na shavu. Yangu imeshikana. Nimemjua tangu utotoni, kwanza kama jirani, halafu kama mwanafunzi wake, halafu tena kama jirani wa sikukuu, yaani yule anayekuja kutoka Dar na boflo mbili na maoni mengi. Sidhani kama angeweza kunitambua kwa picha ya mbele. Ya pembeni angeitambua gizani.

Nasaba yake siijui vizuri, na nadhani hakupenda ijulikane, jambo la ajabu kwa mtu aliyekula mshahara maisha yake yote kwa kufundisha urithi. Alifundisha baiolojia katika sekondari ya kutwa. Aliishi Magomeni, ile yetu ya Bagamoyo, si ile ya Dar, katika nyumba ya bati yenye ua mpana kuliko nyumba yenyewe. Mumewe alikufa mapema, akamwachia mtoto mmoja, Shabani. Nilipomuuliza siku moja kwa nini alichagua baiolojia, alinijibu bila kuinua kichwa, "Fizikia ilikuwa imejaa." Nililiamini jibu hilo kwa miaka mingi. Mimi ni mtu wa kuamini majibu mafupi. Ndiyo maana nikaishia kuandika makala badala ya kuwa daktari, kama mama yangu alivyowatangazia majirani.

Habari ya masikio ilianzia kitabuni. Wakati wetu kitabu cha kidato cha nne kilikuwa na picha mbili za masikio, na kilidai kwamba wazazi wenye ndewe zilizoshikana huzaa watoto wenye ndewe zilizoshikana, basi. Mwalimu, ambaye bado alikuwa kijana na aliamini kwamba somo halikai kichwani mpaka litoke darasani, akatutuma nyumbani. "Mkatazame masikio ya baba na ya mama. Kesho mje mnieleze."

Mwenzetu mmoja alikwenda akatazama. Ndewe zake zinaning'inia kama hereni. Za baba zimeshikana, za mama zimeshikana. Wakiwa wamekizunguka chakula cha jioni akasema, kwa sauti ya mtu aliyeelimika, "Baba, kwa mujibu wa kitabu, mimi si wako." Baba akaweka tonge chini.

Asubuhi yake mama mtu aliingia shuleni amejifunga kanga kiunoni, na sote wa pwani tunajua kanga ikifungwa hivyo kinachofuata.

"Yuko wapi huyo mwalimu wa masikio?"

"Ni mimi, mama."

"Nimeolewa na mume wangu nikiwa mwari. Leo kalala barazani. Utamrudisha ndani wewe au kitabu chako?"

Mwalimu hakujitetea. Alasiri aliifuata nyumba ile, akakaa na yule baba, akamweleza kwamba kitabu kimerahisisha mambo, kwamba sikio halijengwi na kitu kimoja bali na vingi vinavyosaidiana, na kwamba wapo wazazi wengi wa halali wenye watoto wa masikio yasiyofanana na yao. "Sikio halitoi ushahidi," alimwambia. Yule baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hayo uliyajua kabla hujawatuma watoto?"

"Niliyajua nusu," akasema Mwalimu.

Baba alirudi ndani. Lakini Mwalimu hakumtuma tena mwanafunzi yeyote kwenda kuwachunguza wazazi wake. Masikio aliyabakiza kama ugonjwa wake binafsi, na darasani akaleta kuku.

Kidimu ni kuku ambaye manyoya yake yamejikunja kurudi nyuma, kuelekea kichwani, kama kwamba amepigwa na upepo wa kusi na hajapata nafasi ya kujitengeneza. Pwani nzima inajua kwamba kidimu ni kuku wa waganga. Mwalimu alifuga kidimu kwa sababu alitaka kitu cha urithi ambacho mtoto wa Bagamoyo anakiona kwa macho bila hadubini, na ambacho hakiwezi kumlaza baba yeyote barazani. Alinunua majogoo wawili na tetea mmoja kwa mchuuzi wa Msata, akawagawa pamoja na kuku wa kawaida katika mabanda mawili, nasi tukawa tunakwenda uani kwake na madaftari kana kwamba tunakwenda kuhesabu kura.

Majirani walisema anajifunza uchawi. Hakukanusha. "Huo uvumi ndio mlinzi wangu," aliniambia, "halali na haombi mshahara." Na kweli, katika mtaa ambao kuku hawazeeki, wa kwake walizeeka. Mwanamke huyu aliyetumia nusu ya kila kipindi kuvunja imani za majini alilindiwa mali yake na majini. Waganga nao walimjia, wengine kutoka mbali, upande wa Chalinze. Nilikuwepo siku mmoja alipopiga hodi, mtu wa heshima zake, kofia safi.

"Mwalimu, tunaomba jogoo."

"Wa nini?"

"Wa dawa."

"Huyu ana kazi ya serikali," Mwalimu akasema, akamkaribisha chai.

Katika banda la kwanza, kidimu aliwekwa na kuku wa kawaida, na vifaranga walitoka nusu kwa nusu, kwa makadirio. Katika banda la pili kidimu aliwekwa na kidimu. Hapo ndipo tulipomwona yule mwingine. Wengine walitoka wa kawaida, wengi walitoka kidimu kama wazazi wao, lakini kila baada ya wachache alitoka mmoja ambaye manyoya yake yalikuwa membamba kama nyuzi, yakakatika kila alipojigusa, akabaki mwekundu, uchi, akitetemeka. Ilikuwa masika. Darasa zima tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu na msichana niliyetaka anione.

Mwalimu hakukemea. Alichana kipande cha kanga kuukuu, akamfunga yule kifaranga, akaniwekea mapajani. "Mshike mpaka nitakapokwambia."

Sijui kama mmewahi kushika kitu kinachotetemeka namna ile. Si kutetemeka kwa hofu. Hofu huja ikaondoka. Huyu alitetemeka kama kwamba ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya. Niliacha kucheka, na msichana hakuniona, au aliniona vibaya.

"Mama yake yule pale, anadonoa," Mwalimu akasema. "Baba yake yule. Wazima wote wawili. Kitu hiki ukikipokea kutoka upande mmoja, ni pambo tu. Ukikipokea kutoka pande zote mbili, ni huyu." Akangoja tumtazame vizuri. "Na kuku wana nafuu. Kwao pambo linaonekana. Kwetu sisi halionekani."

Kisha akatuambia habari za selimundu. Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza na maelezo ubaoni yalikuwa kwa Kiingereza, lakini hapo alikiweka Kiingereza kando. "Damu yenu haikusoma Kiingereza," alisema. Alieleza kwamba mtu mwenye urithi huo kutoka kwa mzazi mmoja ni mbebaji tu. Anaishi, anavua, analima, anazeeka, hajui. Mwenye kuupata kwa wote wawili, chembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu na kukwama njiani, naye huumwa mifupa, huishiwa damu, na akiwa mchanga huvimba vidole. Alieleza pia, na hili sikulisahau, kwamba jambo hili halikuja pwani kama laana. Lilikuja kama kinga. Mbebaji hakuuawa kirahisi na malaria, kwa hiyo katika nchi ya mbu kama hii wabebaji walibaki, wakazaa, wakatuzaa. "Tuliopo hapa, wengine wetu tupo kwa sababu yake," alisema. "Tusiitukane. Tuijue tu."

Alikuwa na msemo mmoja aliourudia mpaka ukawa kero. Mayai yakiwa yanaanguliwa, daima alikuwepo mtaalamu miongoni mwetu wa kusema, "Watatu wametoka wazima, Mwalimu, basi wa nne ndiye." Mwalimu aligonga meza kwa chaki. "Nani kaliambia yai hili habari za mayai yale? Robo si foleni. Kila yai linaanza upya." Na kweli, kuna matamio yaliyotoa vifaranga uchi watatu mfululizo, na mengine hayakutoa hata mmoja. Wengi wetu tulifaulu hesabu ya robo. Kuielewa ni jambo jingine.

Kuhusu mimi mwenyewe aliwahi kunisaidia mara moja tu, nilipoanza kupata upara na kumlaumu marehemu baba. Alinitazama sikio, macho yakapanda juu kidogo, akasikitika. "Baba yako mwache apumzike. Mjomba wako yukoje?" Mjomba wangu alikuwa na kichwa kama boga lililooshwa. Nikarudi kumwomba baba msamaha kaburini.

Kuna desturi yetu ya kwenda kumtazama mtoto mchanga, na wanawake wakishakaa tu kazi ya kwanza ni kufananisha. Pua ya babu. Paji la shangazi yake wa Zinga. Miguu ya baba yake, maskini. Mwalimu alikwenda kila palipozaliwa, na sabuni na kipande cha kanga, akakaa pembeni kimya. Akiulizwa, "Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu, kafanana na nani?" alijibu, "Mtoto mchanga kafanana na mtoto mchanga." Wanawake walimwona ana kiburi. Aliniambia faraghani kwamba kufananisha ni kazi ya mapenzi, si ya macho: watu wanaona wanachotaka kukiona, na yeye hakulipwa kwa kuona anachotaka.

Desturi nyingine hakuinyamazia. Posa ikija, sisi watu wa huku tunachunguza ukoo. Tunatuma mtu akaulize taratibu: kwao kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna aliyerukwa na akili? Tunachunguza kwa miezi. Lakini ukoo tunaouchunguza ni wa watu. Wa kwetu hatuuchunguzi, kwa kuwa tumeshaujua kuwa ni safi. Ndiyo maana mchumba tunayemwamini kuliko wote ni yule asiyehitaji kuchunguzwa, mtoto wa mjomba au wa shangazi. Binamu nyama ya hamu, tunasema, tukacheka, tukala pilau. "Tunafunga milango yote ya nje," Mwalimu alisema, "na tunachokiogopa tumelala nacho chumba kimoja."

Alikuwa akilisema hilo kwa miaka, kwa watoto wa watu. Kisha Shabani, mwanawe wa pekee, fundi umeme, kijana mpole mwenye ndewe zinazoning'inia, akamwambia kwamba anamtaka Mwanahawa, binti wa kaka yake Mwalimu, msichana mwenye duka dogo Zinga kando ya barabara ya Dar. Walipendana tangu wadogo. Wote wawili walikuwa wamepita darasani kwake na wote wawili walikuwa wamemshika kifaranga mapajani.

Ukoo ulifurahi. Kaka mtu alikuwa mkulima, mkubwa wa familia, mtu wa sauti ndogo ambayo ilitosha. Posa ikapangwa. Kwa kuwa baba yake Shabani hayupo, msafara ukaundwa na mshenga, na mzee mmoja jirani, na mimi, niliyeongezwa kwa sababu ya elimu. Mshenga alinieleza majukumu yangu garini. "Wewe msomi, usiseme kitu. Mimi nikimaliza maneno, wewe kohoa kidogo, wajue tuko wengi." Nilivaa kanzu ya kuazima iliyoishia juu ya vifundo. Mwalimu alikaa kiti cha nyuma. Kwa desturi hakutakiwa hata kuwepo. Mama wa kijana hubaki nyumbani akingoja habari. Alisema anakwenda kumwona wifi yake.

Tulikaribishwa barazani. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya pazia. Mshenga alizungumza vizuri sana, nami nilikohoa mahali pake. Kaka mtu alipoanza kusema, "Jambo hili ni la kheri, na kijana ni wetu," pazia likafunguka, Mwalimu akatoka, akasimama mlangoni.

"Kaka, samahani. Kabla hamjaipokea posa, watoto wakapime damu."

Mimi, kwa woga, nikakohoa.

"Wapime nini?" kaka mtu akauliza. "Huyu mwanao, huyu mwanangu. Tunamchunguza nani hapa?"

"Sisi."

"Sisi tuna nini?"

"Mimi nimepima. Mimi mbebaji. Baba na mama lazima walikuwa wabebaji wote wawili, na wewe huenda ukawa. Mdogo wetu hakuliwa na jicho, Kaka."

Niliona mikono ya kaka mtu ikishikana magotini. Ndiyo kwanza nisikie kwamba alikuwapo mdogo wao.

"Mdogo wetu alikufa kwa jicho," akasema polepole. "Kila mtu Zinga anajua."

"Alikuwa akivimba vidole. Unakumbuka. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni kumpeleka kwa mganga, masika yale, na ukawa unakimbia kama punda ili acheke. Akacheka njia nzima. Nilikuwa nyuma yenu."

"Nyamaza."

"Kaka..."

"Nina mabinti wengine watatu humu ndani, hawajaolewa. Umesimama barazani kwangu, mbele ya wageni, unatangaza kwamba ukoo wetu una maradhi. Nani atakuja tena na posa hapa? Hao umewafikiria, Mwalimu?" Hakuwahi kumwita hivyo; siku zote alimwita kwa jina lake la utotoni.

"Nimewafikiria," akasema. "Ndiyo maana nimesema barazani."

Kaka mtu akasimama. Akamwambia mshenga kwamba maneno yamesikika, majibu yatafuata, na sote tukajua hayatafuata. Njiani Mwalimu alitazama barabara. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuangalia sikio la mtu.

Vijana walikwenda kupima wenyewe, bila kumwambia mtu. Wote wawili walikuwa wabebaji. Shabani ndiye aliyenisimulia jinsi alivyompelekea mama yake habari, jioni, mama mtu akiwa anawapa kuku pumba.

"Nilimwambia, Mama, umetufundisha mwenyewe kwamba ni robo. Robo tatu ni salama. Akaniambia, nimewafundisha pia robo ikoje. Nikamwambia, tunajua, Mama, tulimshika. Akaendelea kuwapa kuku mpaka pumba zikaisha kwenye beseni."

"Halafu?"

"Halafu akasema, 'Kuwaambia ni kazi yangu. Kuwakataza si yangu. Oaneni mkijua.'"

Wapo watu, na mimi nilikuwa mmoja wao, waliomwona amelegea. Mwanamke aliyethubutu kutoka nyuma ya pazia mbele ya wanaume, kumbe hathubutu kumnyima mwanawe mke. Nilimwambia hivyo, kwa maneno yangu ya chuo kikuu, marefu. Alinisikiliza akiwa anaokota mayai. "Mwanangu," akasema, "mimi mwenyewe ni mtoto wa wabebaji wawili. Ungemkataza mama yangu, ungekuwa unabishana na nani leo?" Kisha akanipa mayai nimpelekee mama.

Kaka mtu, kwa kuwa binti alilia na mshenga alirudi mara nyingi, aliikubali harusi. Hakumkubali dada yake. Siku ya harusi Mwalimu alivaa doti mpya, akapokea wageni, akala na wanawake wa jikoni, na kaka yake akapita mbele yake kama mtu anayepita mbele ya nyumba isiyo na wenyewe. Miaka ikaenda hivyo. Kutoka Magomeni hadi Zinga hakuna safari ya maana, lakini hawakuonana.

Zuhura, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa mzuri, mnene, na wanawake walimfananisha na nusu ya wilaya. Mwanahawa ameniambia yaliyofuata. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Walikuwa wamempeleka kwa babu yake Zinga, mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi akaamka analia asinyamaze. Mwanahawa alidhani ni tumbo. Babu mtu akamchukua, akamgeuza geuza, akafika kwenye mikono. Vidole vilikuwa vimevimba, vinang'aa, vimejaa kama ndizi za kisukari.

Alimvua nguo zenye unyevu, akamfunga katika shuka lake mwenyewe, akatoka barabarani, akapanda bodaboda na mtoto kifuani. Mwanahawa alifikiri anampeleka kwa mganga, akamkimbilia, hakumwahi. Bodaboda ilisimama Magomeni, kwenye nyumba ya bati ambayo mzee yule hakuikanyaga tangu siku ya posa. Mwalimu alifungua mlango. Kaka yake akasimama mvuani, amemkumbatia mtoto.

"Vidole," akasema.

Mwalimu hakusema "nilikwambia." Najua kwa sababu nilimuuliza Mwanahawa, na Mwanahawa alimuuliza baba yake. Alichukua kanga mlangoni, akasema, "Twende hospitali, Kaka," na wakaenda pamoja, wazee wawili na mtoto, juu ya bodaboda ile ile.

Nilimwona mara ya mwisho masika yaliyopita. Alikuwa amehamia Zinga, chumba cha uani kwa kaka yake, ili asaidie na Zuhura, kwa kuwa Shabani na mkewe nao walikuwa wamehamia huko. Nilikuwa natoka Dar, nikateremka kumsalimu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka ukumbini, amekonda, macho yamepungua. Ilibidi nimsogelee ndipo alipoliona sikio langu, akajua ni nani. Uani walikuwa wakidonoa kuku wachache, wa kawaida wote, manyoya yao yamelala vizuri. Nilimuuliza kidimu wako wapi.

"Niliacha kuwakutanisha," akasema. "Waliobaki walizeeka wakaisha."

Zuhura alikuja kutuamkia. Mtoto wa miaka kama minne, amevaa soksi nene katika joto la Zinga, chupa ya maji inaning'inia shingoni. Kwenye paji la uso palikuwa na tone la wanja, lile la kuzuia jicho, na mkononi hirizi nyeusi. Nilitazama tone, nikamtazama Mwalimu.

"Usinitolee macho," akasema. "Dawa anakunywa kila siku. Maji anakunywa. Kliniki hakosi. Huo wanja ni wa mama yake. Wewe ile tai unayovaa kwenye mikutano inakinga nini?"

Mwanahawa alitoka jikoni na chai, taratibu, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa na mimba kubwa. Kaka mtu naye akaja kutoka shambani, akaosha miguu, akakaa. Tuliongea habari za mvua, habari za mabinti zake, ambao wawili walikuwa wameshaolewa. Wachumba waliambiwa, wakapima, mmoja tu ndiye aliyekimbia. Kisha mzee akalisema lililokuwa limemkaa.

"Watu wananiambia mengi kuhusu tumbo hili. Wengine wanasema limeshaharibika, kila atakayezaliwa atakuwa hivi. Wengine wanasema zamu imeshapita, huyu atakuwa salama tu." Akakitazama kikombe chake. "Ukweli ni upi?"

Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni na trei. Hakuondoka.

"Shangazi," akasema, "niambie tu."

Nilijua jibu. Nililisikia mara nyingi, likisindikizwa na chaki juu ya meza, na daima nililichukua kama onyo, kidole kilichonyooshwa kwa watu wanaodhani wameshalipa. Mwalimu alimwita akae karibu, akachukua trei, akaiweka chini.

"Kila yai linaanza upya, mwanangu," akasema.

Mwanahawa alilia kidogo, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nafikiri alikuwa amekuja amejiandaa kusikia lile la kwanza, kwamba tumbo limeshaharibika.

Mvua ilikuwa imekatika. Zuhura akamfuata babu yake, akampanda mgongoni bila kuomba ruhusa, kama mtu anayepanda gari lake. Mzee akalalamika magoti, akainuka, akaanza kuzunguka ua, kwanza polepole, kisha akakimbia, kukimbia kule kwa punda, miguu inatupwa kila upande, kuku wakitawanyika. Mtoto akacheka. Alicheka kwa kwikwi, kichwa kimerudi nyuma, chupa ikimgonga kifuani.

Nami, kwa tabia mbaya ya mtu aliyelelewa na wanawake wa Magomeni, nikauliza, "Huyu hasa kafanana na nani?"

Nilingoja aniambie kwamba mtoto kafanana na mtoto. Mwalimu alikuwa anatazama uani, na hakuwa anatazama sikio.

"Na mdogo wetu," akasema. "Anacheka hivyo hivyo." Baadaye kidogo akaongeza, "Hicho kicheko nacho kimekuja kwa njia ile ile."

Kisha akajisukuma kwa mikono, akasimama, akasogea mpaka kwenye kizingiti.

"Kaka! Mteremshe, anywe maji."